Sheria za mama zilizovuka mpaka

Kila nyumba hapa Pajulu ina katiba yake, na haikuandikwa popote. Inakaa mdomoni mwa mama. Kifungu cha kwanza: usipige mluzi usiku, utaita nyoka. Cha pili: lala na viatu karibu na kichwa. Cha tatu: mgeni akiuliza baba yuko wapi, jibu ameenda sokoni, hata kama baba amekaa nyuma ya nyumba anakunywa chai.

Watoto wangu hucheka mpaka machozi wakimsikia bibi yao akitoa amri hizo. Nami hucheka nao, kwani nimelelewa kwa sheria hizohizo. Ila sisi tulizipata Zaire. Baada ya serikali ya Amin kuanguka mwaka 1979, maelfu ya watu wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan, na wengi walikaa huko miaka kadhaa. Kwa watu waliojificha porini, nyoka aliyeitwa na mluzi alikuwa na miguu miwili na bunduki. Viatu vya kichwani vilikuwa vya kukimbilia.

Shida ni kwamba sheria husafiri, lakini sababu yake husahaulika njiani. Chukua ile ya barabara. Kule Zaire mama alitufundisha: tazama kushoto kwanza, ndipo uvuke. Ilikuwa sawa kabisa, maana kule magari hupita upande wa kulia, kama Wabelgiji walivyoacha. Tukarudi Arua, ambako magari hupita kushoto kama Waingereza walivyoacha, na mama akaendelea: kushoto kwanza! Tulivuka kwa rehema za Mungu na breki za madereva.

Kuna na sheria ya kurudi nyumbani kabla ya saa kumi na mbili jioni. Kijana wangu, ambaye hufuatana na mama yake Ariwara siku ya soko, amekwisha kugundua kwamba saa ya Kongo iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Jioni moja akaingia giza limeshatanda.

"Bibi, kwa saa ya Ariwara bado sijachelewa."

"Vizuri, mjukuu wangu. Basi rudi Ariwara ukale."

Ndugu msomaji unayevuka Vurra au Odramacaku na mtoto mkononi, cheka, lakini fikiri pia. Sheria inayomwokoa mtoto upande mmoja inaweza kumgongesha upande wa pili. Na tangu mwaka 2016 familia nyingi za Sudan Kusini zimeingia Bidi Bidi na Rhino Camp. Kwao pia magari hupita kulia. Usimwambie mtoto kushoto wala kulia tu. Mwambie atazame kwanza upande yanakotokea magari, na umwonyeshe kwa nini yanatokea huko.

Mimi nimeanza kuwapa wangu sababu pamoja na amri. Juzi niliwasimulia usiku ule tulioondoka nyumbani, na jinsi waliolala bila viatu karibu walivyotembea peku mpaka Zaire. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyecheka. Yule mdogo aliinuka, akavichukua viatu vyake mlangoni, akaviweka kichwani pa mkeka wake bila kuambiwa na mtu.