Kupima Protini ya Retina kwa Kingamwili

Nyuma kabisa ya jicho, mahali nuru inapokoma safari yake, umetandazwa utando mwembamba uitwao retina. Na baina ya seli za utando huo zipokeazo nuru na tabaka la seli nyeusi linalozilisha na kuzitunza, ipo nafasi finyu ambamo protini moja kubwa, ambayo wanasayansi huiita RBP3, hutumika bila ya kupumzika. Kila mara nuru iipigapo rodopsini, yaani ile rangi ya kuonea iliyomo katika seli za retina, kipande cha vitamini A kilichoshikamana nayo hubadilika umbo, wala hakifai tena kwa kazi ya kuona mpaka kifike kwenye tabaka jirani kikarudishiwe umbo lake la asili, kisha kirejee kilikotoka. Elimu ya sehemu ya vitamini A katika kuona ndiyo iliyompatia George Wald wa Marekani Tuzo ya Nobel mwaka 1967. Na RBP3 ni mchukuzi wa vitamini hiyo katika safari ya kwenda na kurudi.

Hata hivyo, jina la protini hii halikutoka nje ya vyumba vya wachache mpaka watafiti wa taasisi ya kisukari ya Joslin, mjini Boston, walipoanza kuwachunguza watu walioishi na kisukari cha aina ya kwanza kwa miaka 50 au zaidi, na kustaajabia kwamba zaidi ya theluthi yao hawakuwa na madhara makubwa ya retina, ilhali desturi ya maradhi hayo ni kuharibu mishipa midogo ya damu ya jicho kadiri miaka inavyopita. Mwaka 2019 walitangaza kwamba katika retina na katika ute wa jicho la watu hao waliosalimika, RBP3 ilikuwa nyingi kuliko katika macho yaliyodhurika. Na walipoizidisha katika macho ya panya wenye kisukari, madhara ya mwanzo yalipungua. Sababu mojawapo waliyoibainisha ni kwamba protini hiyo hujifunga kwenye mlango wa sukari uitwao GLUT1, ikapunguza sukari iingiayo ndani ya seli. Habari kama hiyo haiwezi kupita bila ya kuamsha tamaa ya kupima: ni kiasi gani cha RBP3 kilichomo katika jicho hili, na ni kiasi gani katika damu ya mtu yule?

Jibu la swali hilo aghalabu hutafutwa kwa sanduku dogo linalotunzwa katika jokofu, baina ya nyuzi 2 na 8 za joto, ambalo ndani yake mna chupa chache za maji ya dawa na bamba la plastiki lenye vishimo 96, safu 8 za vishimo 12. Asili ya hekima iliyomo humo ni ya zamani kidogo. Katika miaka ya 1950, Rosalyn Yalow na Solomon Berson, wakifanya kazi katika hospitali ya wanajeshi wastaafu huko Bronx, New York, waligundua kwamba wagonjwa waliodungwa insulini ya wanyama hufanya miilini mwao kingamwili za kuishika insulini hiyo. Wakubwa wa elimu wa zama hizo hawakusadiki. Jarida moja liliikataa makala yao, na la pili halikuichapa mwaka 1956 ila baada ya kuwashurutisha waondoe katika anwani maneno yaliyotaja kingamwili ya insulini. Hawakuvunjika moyo. Kwa kutumia kingamwili hizo hizo pamoja na iodini yenye mnururisho wakapata njia ya kupima insulini ndogo mno iliyomo katika damu, wala hawakujichukulia hataza, na Yalow alipopokea Nobel mwaka 1977, miaka mitano baada ya kufa kwa Berson, aliionyesha hadharani barua ile ya kukataliwa. Ustahimilivu wa namna hiyo wastahili kukumbukwa na kila ashikaye pipeti.

Mwaka 1971 Eva Engvall na Peter Perlmann wa Stockholm, na wakati huo huo Anton Schuurs na Bauke van Weemen wa Uholanzi, waliondoa mnururisho na kuweka kimeng'enya mahali pake, na ndipo ilipozaliwa ELISA, ambayo wasomaji wengi wameisikia kwa sababu ndiyo njia iliyotumika katika vipimo vya kwanza vya virusi vya UKIMWI vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 1985.

Kazi yenyewe huenda hivi. Katika sakafu ya kila kishimo imekwisha kugandishwa kingamwili inayoijua sehemu moja ya RBP3. Mtaalamu humimina sampuli, akangoja, kisha akaosha mara kadhaa ili kila kisichoshikwa kiondoke. Ndipo hutiwa kingamwili ya pili, inayoijua sehemu nyingine ya protini ile ile, nayo imebeba kimeng'enya au kitu cha kukiita kimeng'enya. Ni kama kadhi asiyekubali kauli mpaka mashahidi wawili waafikiane: protini iliyotambuliwa na kingamwili moja tu haihesabiwi. Mwishowe humiminwa dawa isiyo na rangi, na mbele ya macho vishimo huanza kugeuka buluu, vingine kwa upesi na vingine kwa uzito, mpaka tone la asidi ya salfuriki lisimamishe kazi ya kimeng'enya na buluu yote igeuke manjano. Mashine husoma ukali wa manjano hiyo katika nuru ya urefu wa wimbi wa nanomita 450, na hesabu hulinganishwa na safu ya vishimo ambavyo kiasi cha protini kilichotiwa humo kinajulikana.

Uzuri wa rangi hizo usimpumbaze mtu. Liko jambo linalonitia hofu kuliko mengine yote katika kazi hii, nalo ni wepesi wa kuamini tarakimu kwa sababu imetoka katika mashine. Katika damu imo protini nyingine, RBP4, itengenezwayo hasa na ini, ambayo nayo huchukua vitamini A. Jina lake lakaribiana na la RBP3 lakini umbo lake ni mbali kabisa, na wingi wake katika damu ni makumi ya mikrogramu katika kila mililita. Kingamwili zote mbili zikikosea hata kidogo tu zikaishika RBP4, basi mtafiti atajidhania anapima habari za jicho kumbe anapima habari za ini. Kwa hiyo kabla ya kuliamini sanduku, sharti lijaribiwe: sampuli iliyozimuliwa mara mbili itoe nusu ya kiasi cha awali, protini iliyoongezwa kwa kiasi kinachojulikana ionekane tena karibu yote, na kila sampuli ipimwe katika vishimo viwili, ambavyo vikitofautiana sana, kipimo kirudiwe.

Hadhari nyingine ni za vitu vidogo mno. Sodiamu azidi, ambayo maabara nyingi huitia katika sampuli ili zisioze, hukidhoofisha kimeng'enya cha peroksidesi, na rangi ikafifia bila ya protini kupungua. Vishimo vya pembezoni hupata joto upesi kuliko vya katikati. Kugandisha na kuyeyusha sampuli mara kwa mara huweza kuziharibu protini. Mtu aliyekunywa vidonge vyenye biotini nyingi huweza kupotosha vipimo vinavyoitumia biotini kuunganisha kingamwili na kimeng'enya, na mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya jambo hilo. Fauka ya hayo, masanduku ya watengenezaji wawili aghalabu hayatoi hesabu moja, kwa kuwa kila mmoja ana kingamwili zake na protini yake ya kulinganishia, hata tarakimu za maabara hii na za maabara ile zisiweze kuwekwa pamoja bila ya upatanisho.

Ndiyo maana masanduku ya namna hii huandikwa kwamba ni ya utafiti tu. Maneno hayo si mapambo. Maana yake ni kwamba hayakupitishwa kwa ajili ya kumwambia mgonjwa hali yake, na anayeyatumia kumtisha au kumtuliza mtu juu ya macho yake anamdhulumu, hata kama nia yake ni njema. Mwenye kisukari anayetaka kujua hali ya retina yake huchunguzwa jicho lenyewe, kwa kupanuliwa mboni kwa dawa au kwa picha ya retina: wa aina ya pili tangu siku anapogunduliwa, na wa aina ya kwanza ndani ya miaka mitano, kisha kwa kawaida kila mwaka au kama atakavyoamua daktari, kwa sababu mishipa ya retina huweza kuharibika muda mrefu kabla mwenyewe hajaona tofauti yoyote.