Umehamia Kamembe? Tafuta parokia kabla hujaihitaji

MWISHONI mwa Mei 2020 mama yangu aliniamsha usiku wa manane, akaniambia, "Mwanangu, niitie padri." Alikuwa na umri wa miaka 81 na alikuwa hajainuka kitandani kwa siku tatu. Kulipopambazuka nilijifunga kitenge, nikavaa barakoa, nikaenda kwa miguu hadi ofisi ya parokia iliyo karibu na tunapoishi hapa Kamembe.

Katibu alinisalimu, "Yezu akuzwe." Nikaitikia kwa Kiswahili, "Milele, amina." Akatabasamu, akafungua daftari lake, akaniuliza swali moja tu: "Mama, umuryangoremezo wenu ni upi?"

Sikuwa na jibu.

Umuryangoremezo ndilo jina la Kinyarwanda la kile ambacho Watanzania na Wakenya wanakiita jumuiya ndogo ndogo, na ambacho ndugu zetu wa Bukavu wanakiita shirika. Ni familia chache za mtaa mmoja zinazosali pamoja, zinazotembelea wagonjwa wao na kuzika wafu wao. Nilikuwa nimeishi Kamembe miaka miwili. Majirani nilikuwa nawajua, kwa maana kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tulishika majembe pamoja katika umuganda. Lakini kama Mkristo hakuna aliyenijua, wala mimi sikuwa nimejitambulisha kwa yeyote.

Naandika makala hii kwa sababu najua siko peke yangu. Miongoni mwetu sisi tuliorudi kutoka Kongo, Burundi au Tanzania, na miongoni mwa akina mama na vijana wanaovuka mpaka kila siku kutafuta riziki, wako wengi wanaoishi kama nilivyoishi mimi: mguu mmoja huku, mguu mwingine kule, na Jumapili yao haina makazi.

Kwa nini sikuwa na parokia

Wazazi wangu waliondoka Cyangugu mwaka 1963, wakavuka mto wakatafuta maisha Bukavu. Mimi nilizaliwa huko, nikabatizwa huko, nikafunga ndoa huko. Mwaka 2018 tulihamia Kamembe, mimi na mume wangu, watoto watatu na mama, ambaye alikuwa amesema hataki kufia ugenini. Biashara yangu haikubadilika sana: asubuhi navuka na nyanya, vitunguu na maziwa, jioni narudi na vitenge.

Jumapili nilivuka pia. Niliiambia nafsi yangu kwamba ni kwa muda tu, mpaka nizoee. Ukweli ni kwamba Jumapili yangu ya kwanza katika kanisa la Kamembe ilinitia aibu.

Wanaotoka Kongo watanielewa. Kule tunasali kwa utaratibu wa Misa ulioidhinishwa na Roma mwaka 1988 kwa ajili ya majimbo ya Zaire, kama nchi ilivyoitwa wakati huo. Katika Misa ile toba haiji mwanzoni. Inakuja baada ya mahubiri, na mara baada ya toba watu wanapeana amani. Wahenga wema wanatajwa pamoja na watakatifu, na altare inazungukwa kwa mwendo wa ngoma. Hapa Rwanda utaratibu ni ule wa Kirumi unaojulikana kote: toba mwanzoni, amani karibu na komunyo. Basi mahubiri yalipokwisha mimi nikamgeukia jirani yangu nikiwa nimenyoosha mkono, naye akanitazama asijue ninataka nini. Watoto wangu wakacheka. Halafu ikaja sala ya Baba Yetu kwa Kinyarwanda, na mimi, binti wa Wanyarwanda wawili, nikaisali kwa kunong'ona kwa Kiswahili.

Nikasema sitarudi. Nikaendelea kuvuka daraja kwenda kwenye kwaya niliyoizoea. Mama yangu, ambaye miguu ilikuwa imeanza kumkataa, alibaki nyumbani na rozari yake. Alikuwa akiniuliza, "Hapa hapa hakuna kanisa?" Nami nilikuwa namjibu, "Lipo mama, tutakwenda."

Machi 2020 corona ikaingia. Makanisa yakafungwa, mpaka ukafungwa. Mizigo ilivuka, watu hawakuvuka. Parokia yangu ilikuwa ng'ambo ya mto mita chache kutoka nchi yetu, lakini ilikuwa mbali kama Roma.

Aliyenishika mkono

Niseme wazi kwamba katibu yule hakunifukuza. Mgonjwa hanyimwi mpako mtakatifu kwa sababu ya daftari. Aliuliza ili ajue nani atamwonyesha padri nyumba, na nani atabaki na familia padri akishaondoka. Mimi ndiye niliyelisikia swali lile kama hukumu.

Alinitajia jina la mama mmoja, kiongozi wa umuryangoremezo wa mtaa wetu. Nilipofika kwake nilishangaa: ni yule yule aliyekuwa akiniuzia maharage, nyumba ya nne kutoka kwetu. Nikaanza kujieleza kwa Kinyarwanda changu cha kuvunjika. Akanikatiza, "Mwanangu, hayo utanieleza kesho. Mgonjwa yuko wapi?"

Jioni ile padri alikuja. Mama alipakwa mafuta, akapokea komunyo, akalala usingizi ambao hakuwa ameupata kwa siku nyingi. Siku tisa baadaye aliaga dunia.

Wakazi wa hapa wanakumbuka Juni 2020 ilivyokuwa. Sehemu nyingine za nchi zilikuwa zinafunguliwa, Rusizi ikafungwa tena. Mazishi yalikuwa ya watu wachache, bila mkusanyiko wa jioni. Ndugu zangu wa Bukavu walisikiliza kwa simu. Lakini watu wa umuryangoremezo walijipanga kwa zamu. Kila jioni walikuja wawili, wakasimama uani mbali mbali, wakasali rozari pamoja nasi, wakaenda zao. Mmoja aliacha uji wa mtama mlangoni, mwingine kuni. Hawakuwa wamemjua mama yangu alipokuwa hai. Hadi leo nikikumbuka jambo hilo huwa nakosa la kusema.

Parokia si kibanda cha sokoni

Baada ya msiba nilimwuliza katekista kosa langu lilikuwa nini hasa. Alinieleza jambo ambalo katika miaka yangu yote ya Ukatoliki sikuwa nimelisikia.

Sisi wafanyabiashara tumezoea kuchagua. Mtaji ukikataa hapa, unahamisha meza kwenda pale. Nilidhani parokia nayo ni hivyo. Kumbe kwa Kitabu cha Sheria za Kanisa cha mwaka 1983, parokia kwa kawaida ni eneo la ardhi lenye watu wake wote. Ukihamia mahali ukiwa na nia ya kukaa, paroko wa mahali hapo ni paroko wako tangu siku hiyo, hata kama hujaonana naye. Ukikaa miaka 5 kamili, ni wako hata kama hukuwa na nia. Na mtu anayekuja kwa muda, akiwa na nia ya kukaa angalau miezi 3, naye tayari anahesabiwa kuwa na paroko hapo.

Hii haina maana kwamba umefungwa. Wajibu wa Misa ya Jumapili unaweza kuutimiza katika kanisa lolote la Kikatoliki, siku yenyewe au jioni ya Jumamosi. Mama anayelala Bukavu Jumamosi kwa sababu ya mzigo hatendi dhambi akisali huko. Lakini kusali mahali ni jambo moja, na kuwa na mahali ni jambo jingine. Ubatizo wa mtoto, ndoa, mgonjwa, maziko: hayo yote yanarudi pale penye makazi yako.

Daftari linalokusubiri

Jambo la pili nililojifunza linahusu karatasi, na hapa waliorudi wafungue masikio.

Mwaka 2021 binti yangu alitaka kuanza mafundisho ya kipaimara. Akaombwa cheti cha ubatizo. Kadi yake ilikuwa imepotea wakati wa kuhama. Nilipiga simu kwa jamaa Bukavu, akaenda ofisi ya parokia alikobatizwa, jina likapatikana, cheti kikaandikwa na kuletwa na dereva wa lori.

Rejista ya ubatizo haihami na mtu. Inabaki pale ulipobatizwa, na kila jambo kubwa la baadaye, kipaimara, ndoa, upadri au nadhiri za kitawa, linapaswa kutumwa huko likaandikwe pembeni ya jina lako. Ndiyo maana ukitaka kufunga ndoa Kamembe wataulizia Bukavu, Uvira au Ngara.

Na kama rejista iliungua au vita viliitawanya? Wapo wanaokata tamaa hapo, wakakaa bila sakramenti miaka kumi. Hakuna haja. Sheria ile ile inasema kwamba pasipo mgogoro, ushahidi wa mtu mmoja wa kuaminika unatosha kuthibitisha ubatizo, au kiapo chako mwenyewe ikiwa ulibatizwa mtu mzima. Mtafute aliyekusimamia, shangazi, au jirani wa zamani, mwende naye kwa paroko.

Nilipoyasikia hayo nilipanda gari nikaenda Mibirizi, ambako mama alisema alibatizwa. Misheni ile ilifunguliwa na Mapadri Weupe mwaka 1903, miongoni mwa za kwanza kabisa nchini, na wakulima wanaijua kwa jambo jingine: ndiyo iliyoupa jina mbuni wa aina ya Mibirizi, kwa kuwa kahawa ya kwanza ya Rwanda ilipandwa huko. Mzee wa ofisini alifunua kurasa polepole. Tukalikuta jina la mama, mwaka 1939, na pembeni ndoa yake. Baada ya hapo hakuna kitu. Miaka 55 aliyoishi ng'ambo haikuandikwa popote, lakini jina lilikuwa pale pale likimsubiri. Mimi nilikuwa nimemweka nyumbani miaka miwili nikidhani hana parokia.

Kuketi karibu na nani

Sitamaliza bila kugusa jambo zito. Kwa baadhi ya waliorudi, kinachowazuia si kwaya wala lugha. Ni kumbukumbu.

Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliokimbilia kwenye parokia za jimbo hili, Mibirizi, Shangi, Nyamasheke na Hanika zikiwamo, waliuawa huko huko. Waliokimbilia kanisa kuu la Cyangugu walihamishiwa uwanja wa Kamarampaka, na baadhi yao wakachukuliwa humo wakaenda kuuawa. Mtu akikuambia hawezi kuingia kanisa fulani, usimhubirie. Msikilize.

Lakini pia ni katika jimbo hili hili, kwenye parokia ya Mushaka, ambapo Padri Ubald Rugirangoga, aliyepoteza ndugu zake wengi mwaka 1994, alianzisha njia ya kuwarudisha watu pamoja. Walioua na kukiri walipitia mafundisho ya miezi 6 kabla ya kurudi kwenye komunyo, wakaomba msamaha kwa familia walizozikosea, na walionusurika nao wakasindikizwa katika safari yao. Padri huyo alifariki Marekani Januari 2021 akaletwa kuzikwa Rusizi. Alichoacha kinatufundisha kwamba hata kwa walioumizwa kupita kiasi, kurudi kanisani kulipitia kwa watu, jina kwa jina, nyumba kwa nyumba.

Kwa aliyevuka jana

Tangu Februari 2025, Bukavu ilipoingia mikononi mwa M23, nimekutana Kamembe na sura ninazozijua kutoka kwaya yangu ya zamani. Wananiuliza Misa nzuri iko wapi. Huwa nawaambia hivi.

Kwanza, usianze na kwaya. Muulize jirani ni nani kiongozi wa umuryangoremezo. Ukimkosa jirani Mkatoliki, nenda ofisi ya parokia siku ya kazi, si Jumapili watu wakiwa wengi, useme unaishi wapi.

Pili, peleka majina ya wote walio nyumbani, wazee wasiotoka wakiwa wa kwanza.

Tatu, tafuta vyeti vya ubatizo sasa, wakati huna haraka navyo.

Nne, anza kutoa ituro, hata kidogo. Anayetoa sehemu yake huacha kujiona mgeni.

Tano, usiionee aibu lugha yako. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na katika mtaa wetu sala ya jioni siku hizi ina fungu moja la rozari kwa Kiswahili. Mimi ndiye ninayeliongoza. Baba Yetu ya Kinyarwanda nayo nimeshaishika, ingawa watoto bado wananirekebisha.

Bukavu bado navuka, na nikipata nafasi naingia kanisani kule nikaimba mpaka sauti ikauke. Lakini juzi tu nilibisha hodi kwa familia iliyopanga chumba nyuma ya duka la mtaani kwetu. Alifungua kijana, na nyuma yake nikamwona bibi ameketi mkekani na rozari mkononi. Nikamsalimu, nikakaa karibu naye, nikatoa daftari langu.

"Jina lako nani, mama?" nikamwuliza.