Mjengo, Ukuta na Jirani: Kabla Hamjajifungia Ndani ya Geti

Msomaji wangu, tuongee ukweli. Siku hizi kijana akishapata kazi ya kueleweka na mchumba wa kueleweka, kinachofuata ni kiwanja. Na kiwanja kikishapatikana, hata kabla ya msingi, mazungumzo yanahamia kwenye ukuta. Utakuwa na urefu gani? Geti la rangi gani? Juu tuweke seng'enge au nyaya za umeme?

Nimekuwa nikipita Tunduma mara kwa mara, na huko mjadala huu umepamba moto. Mji unakua mbele ya macho yako. Sensa ya mwaka 2012 iliukuta ukiwa na watu chini ya laki moja. Ile ya 2022 imewakuta zaidi ya laki mbili. Mwaka 2016 mkoa wa Songwe ukamegwa kutoka Mbeya, makao makuu yakawa Vwawa, na watumishi wa serikali wakaanza kumiminika. Mwaka 2019 kikazinduliwa kituo cha pamoja cha forodha kati yetu na wenzetu wa Nakonde, Zambia. Mawakala wa forodha, watu wa benki, wafanyabiashara wa mahindi na wenye malori, wote wanataka pa kuishi. Na wengi, wakiulizwa nyumba ya ndoto yao, wanaieleza ile ya kwenye picha: barabara safi, majani yaliyokatwa, mlinzi mwenye sare na geti moja kubwa kwa wote.

Sasa swali langu ni hili: mnapotaka geti, hasa mnataka nini?

Geti lilitokea wapi?

Kuishi kwa kutengana si jambo geni kwetu. Wakoloni waliigawa Dar es Salaam kwa rangi za watu: Oysterbay ikawa Uzunguni, Upanga ikawa ya Wahindi, Kariakoo na Ilala zikawa za Waafrika. Baada ya Uhuru mambo yakabadilika. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, na mwaka 1971 serikali ikayataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Kujionyesha kwa mjengo ikawa si sifa. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lilipolegeza masharti ya viongozi, kuta nazo zikaanza kupanda.

Mbezi Beach ndiyo iliyotufundisha kujenga kidogo kidogo: mwaka huu msingi, mwaka kesho tofali, bati Mungu akipenda. Kisha mwaka 2002 ukaja Mradi wa Viwanja 20,000, ukafungua maeneo kama Mbweni, Bunju, Kibada na Toangoma. Watu wa kipato cha kati wakapata viwanja vilivyopimwa, kila mmoja akazungushia ukuta wake.

Mitaa yenye geti moja kwa wote imekuja baadaye. Kigamboni kuna Avic Town, iliyojengwa na kampuni ya Kichina. Zanzibar kuna Fumba Town. Kwa majirani zetu Kenya kuna Runda, mtaa wa wenye nazo wa Nairobi, na Tatu City kule Kiambu, ambayo ni mji mzima uliopangwa na kampuni binafsi.

Tunduma, kila mtu na geti lake

Tunduma ya kujenga wenyewe haifanani na hizo. Mtaani unakuta mjengo wa maana, paa la msauzi, madirisha ya alumini, ukuta wa futi nane. Pembeni yake pagale lililoota majani. Mbele yake nyumba ya tofali za kuchoma, mama anauza mkaa. Barabara ya kuingilia ni vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, na gari la milioni thelathini linapita hapo hapo na bodaboda.

Na maji, jamani! Shida ya maji Tunduma ni ya miaka mingi. Basi kila mwenye uwezo anajitegemea: huyu anachimba kisima, yule ana simtanki mbili na namba ya mwenye boza. Huyu ana mlinzi wake, yule ana mbwa wake. Nyumba tano zilizopangana, visima vitano, walinzi watano, na barabara hiyo hiyo mbovu ambayo hakuna aliyeigusa kwa sababu "ni kazi ya halmashauri".

Hapo ndipo wengi tunapokosea hesabu. Tukiitazama Runda tunaona ukuta na maua. Hatuoni kwamba nyuma ya maua kuna chama cha wakazi na michango ya kila mara. Ulinzi, taa na usafi vinalipiwa kwa pamoja. Yaani mtu anayenunua nyumba ndani ya geti la pamoja ananunua majirani waliokubali kuchanga. Ukuta ni nyongeza tu. Wewe uliyejenga ngome yako peke yako umepata ukuta, lakini kile kinachofanya mitaa ile ipendeze hujakipata.

Maisha ya upande wa ndani

Ukuta una raha zake, sikatai. Mtoto anacheza bila kukimbizwa na bodaboda. Nguo zinakauka bila kuchungulia kila dakika tano. Mwanamke anayerudi usiku kutoka ofisini anavuta pumzi geti likifungwa nyuma yake. Kwenye mji wa mpakani, ambako sura mpya zinapita kila siku, hilo si jambo dogo.

Ila nimewasikia akina dada kadhaa wakilalamikia kitu kimoja, nami nawaelewa. Mume anasafiri na mzigo wiki mbili, Lusaka au Lubumbashi. Mke amebaki kwenye nyumba ya vyumba vinne na mtoto na dada wa kazi. Kabla ya kuhamia mjengoni walikuwa wamepanga Majengo au Sogea, chumba na sebule. Choo kilikuwa cha kuchangia na kero hazikuisha, lakini mtoto akiunguza mkono, mama Fulani alishafika kabla hujapiga kelele ya pili. Sasa akipiga kelele inagonga ukuta na kumrudia mwenyewe.

Na siku ya msiba je? Kwetu msiba ni watu. Turubai linafungwa nje, wanaume wanakoka moto, kina mama wanamenya viazi. Aliyehamia mwaka wa tatu bila kumjua hata mjumbe anakuja kushangaa siku hiyo viti vimebaki vitupu. Fedha inaweza kukodi turubai, lakini wa kukaa chini yake hawakodishwi.

Jina la nani kwenye hati?

Sasa tuje kwenye lile ambalo wapenzi wengi wanalikwepa. Mnajenga wawili: huyu analeta saruji, yule analipa ada za watoto ili mwenzake apate nafasi ya kununua bati. Hati ikitoka ina jina moja. Mambo yakiwa shwari hakuna anayejali. Yakiharibika, ndipo mmoja anapogundua kwamba hana karatasi yoyote.

Sheria haijakaa kimya. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuuza, kuweka rehani au kupangisha nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Na mwaka 1983, katika kesi maarufu ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali. Lakini msishangilie upesi: Bi Hawa mwenyewe hakutoka na mgao wa ziada katika kesi hiyo. Kanuni nzuri ilipatikana, ila kwenda mahakamani kuithibitisha ni safari ndefu. Majina mawili kwenye hati ni safari fupi zaidi.

Kwa watu wa Tunduma kuna la ziada. Ndoa za Tunduma na Nakonde ni za kila siku. Mpaka wenyewe ni hatua chache. Lakini kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kwa kawaida asiye raia hapewi ardhi Tanzania isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Kama mwenzako ana uraia wa Zambia, msichukulie kwamba mtaandikwa wote kirahisi. Muoneni mwanasheria kabla ya kulipia kiwanja, siyo baada.

Kabla hamjapandisha ukuta

1. Ulizeni kama kiwanja kimepimwa. Pembezoni mwa mji kuna ardhi ambayo bado ni ya kijiji, na utaratibu wake ni tofauti. Nendeni ofisi ya ardhi ya halmashauri, msiishie kwa dalali.

2. Kaeni na majirani wanne kabla ya kuchimba kisima. Kisima kimoja, pampu moja, makubaliano ya maandishi. Gharama inagawanyika, na mkutano wa kwanza wa mtaa mnakuwa mmeshaufanya.

3. Mlinzi wa pamoja, taa za pamoja. Walinzi wawili wa mtaa mzima wanaozunguka ni bora kuliko watano wanaosinzia kila mmoja kwenye geti lake.

4. Nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa mkajitambulishe, mume na mke. Msingoje siku ya kuhitaji mhuri.

5. Acheni mlango mdogo kwenye ukuta, upande wa jirani. Watoto watajua wenyewe kazi yake.

6. Zungumzeni kuhusu majina ya hati sasa hivi, mkiwa bado mnapendana na kucheka. Anayekasirika kwa kuulizwa tu, shosti, amekupa jibu.

Tunduma bado ni mji mchanga. Dar tulijenga kuta kwanza, halafu tukaanza kuhangaika na barabara, mitaro na majirani tusiowajua. Nyie bado mna mapagale, na pagale lina heri yake: bado unaweza kubadilisha ramani. Jioni ya leo mwambieni mwenzako mtembee hadi kwenye kiwanja chenu, na mkifika msianze na vipimo vya geti. Pigeni hodi kwanza kwa jirani.