Mbwa Naye Huacha Pengo

Kiswahili kina adabu kubwa mbele ya mauti. Binadamu hufariki, huaga dunia, hutangulia mbele ya haki. Mwili wake ni maiti na waliobaki ni wafiwa. Mbwa hana heshima hizo. Yeye hufa, basi, na kinachosalia ni mzoga. Hata sarufi humgeuka: alipokuwa akibweka alikuwa "huyu", pamoja na viumbe wote wenye uhai, muda mfupi baadaye mzoga wake ni "huu", sawa na mti au mkeka.

Lugha huakisi desturi za wenyewe. Wengi wetu tulilelewa katika maboma ambamo mbwa alilala nje, akala makombo na kulinda lango, ilhali jina lake lilikuwa tusi. Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambao ndio wengi katika pwani yetu, huyahesabu mate yake kuwa najisi. Hata hivyo, dini hiyo hiyo inaruhusu kufuga mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo na wa kulinda shamba, na sura ya Al-Kahf inamtaja mbwa aliyekuwa pamoja na vijana waliolala pangoni.

Taabu huanza mbwa anapokufa ghafla. Jana alimlaki mtoto langoni, leo hayupo. Mtoto akilia huambiwa, "Nyamaza, si mbwa tu huyo?" Mtu mzima naye huificha huzuni yake asije akachekwa. Mnamo 1989 mtaalamu wa Marekani, Kenneth Doka, aliandika juu ya huzuni ya namna hii, ambayo jamii haiitambui wala haiipi matanga. Hoja yake ni kwamba huzuni haipungui kwa kunyimwa nafasi. Humwelemea mwenye nayo akiwa peke yake.

Wala huzuni hii si mtindo mpya wa matajiri wa mijini. Huko Bonn-Oberkassel, Ujerumani, mwaka 1914 kulifukuliwa kaburi la miaka ipatayo 14,000, ambamo mwanamume na mwanamke walizikwa pamoja na mbwa mchanga. Meno ya mbwa huyo yalionyesha dalili za maradhi mazito, na wataalamu wakakisia kwamba asingeishi muda aliouishi bila ya kuuguzwa na watu.

Basi tufanyeje? Kwanza, tumweleze mtoto ukweli: mbwa amekufa. Tusimwambie kuwa amesafiri au amelala, kwani mtoto atangoja safari iishe, au atauogopa usingizi.

Pili, tutafute sababu. Mwenye mbwa aghalabu hujilaumu, ilhali yapo mambo yanayoua kwa saa chache bila ya onyo la maana: sumu ya panya, nyama yenye sumu iliyotupwa na wezi, nyoka, maradhi ya moyo, au tumbo la mbwa mkubwa kujaa gesi na kujipinda. Daktari wa mifugo anaweza kuupasua mzoga na kulichunguza jambo hilo. Jibu lake huenda likamwondolea mtu lawama isiyo yake, na likawaokoa mbwa wa majirani.

Iwapo mbwa alibadilika tabia kabla ya kufa, akawa mkali kupita kawaida, akatokwa na mate mengi au akashindwa kumeza, mzoga usiguswe kwa mikono mitupu. Afisa wa mifugo aarifiwe. Huenda ni kichaa cha mbwa. Aliyeumwa, au ambaye jeraha lake liliguswa na mate hayo, aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini mara moja. Dalili zikishamtokea binadamu, ni nadra mno kupona.

Tatu, daktari akisharidhika kwamba hakuna hatari, mbwa azikwe shimo la kina, na watoto waruhusiwe kushiriki. Wala tusikimbilie kuleta mwingine kesho yake, kana kwamba tumevunjikiwa na kikombe.

Kiswahili, kilichomnyima mbwa heshima ya maiti, hakikumnyima mwenye mbwa faraja. Tunalo neno "pole". Twamwambia aliyejikwaa, aliyechoka, anayeuguza na aliyefiwa, bila ya kupima kwanza ukubwa wa msiba wake. Jirani yako akifiwa na mbwa wake, mwambie pole, kisha umwache aeleze.