Ndege Yetu, Jina la Nani?

Wenzangu waume zao wanaota Prado. Wangu anaota Cessna 172, ndege ya viti vinne, ili sikukuu twende kwao Kibondo na kwetu Kasulu bila kula vumbi. Leseni ya urubani ya Tanzania anayo. Ila ndege aliyoipenda imesajiliwa Marekani: namba zake zinaanza na N, siyo 5H ya kwetu.

Nikauliza swali la mke: hati ina jina la nani?

Hapo ndipo penye utamu. Marekani husajili ndege za raia na wakazi wake wa kudumu. Wageni kama sisi hupitia kwa mdhamini: kampuni ya huko inakuwa mmiliki kisheria, ninyi mnabaki wanufaika wa mkataba. Yaani pesa zenu, jina la mwingine. Shosti, kiwanja cha hivyo ungenunua? Nimemwambia wanufaika tuandikwe wawili, na iandikwe pia mmoja wetu akifa inakuwaje. Kanuna siku mbili. Anune tu.

Leseni nayo ina vituko. Sheria ya Marekani inamruhusu kurusha ndege ya N ndani ya Tanzania kwa leseni ya Tanzania. Lakini Kibondo na Burundi ni majirani; akitaka kuvuka hadi Bujumbura, hapo lazima awe na leseni ya Marekani. Ndiyo Mkataba wa Chicago wa 1944: ndege ina uraia wa nchi moja tu, na nchi hiyo ndiyo inayomtambua rubani akivuka mpaka.

Mama mkwe kashasema ndugu watachangia nauli. Wapi! Ndege binafsi ya nje haibebi abiria wa kulipa bila kibali. Na viroba vyake vya maharage vitapunguzwa, maana kule nyanda za juu, zaidi ya mita 1,200, hewa ni nyepesi na ndege iliyojaa inahitaji njia ndefu kupaa, hasa jua likiwa kali.

Halafu kila miezi 12 ikaguliwe na fundi mwenye idhini ya Marekani. Kasulu utamtoa wapi? Nauli yake sisi, malazi sisi.

Mkataba uko mezani. Sijasaini.