Programu za migahawa: Mtengenezaji wa pekee na mtihani wa Jumamosi usiku

Mwaka 1979, wateja wa mgahawa wa Old Canal Cafe mjini Syracuse, jimbo la New York nchini Marekani, walikuwa wakiagiza chakula mlangoni kabla ya kuketi. Mpokeaji aliiandika oda katika kompyuta ndogo aina ya Apple II, na papo hapo maelezo yote ya mapishi yakachapwa jikoni. Mara nyingi mteja alifika mezani akakuta chakula kimemtangulia.

Programu iliyofanya kazi hiyo haikununuliwa kwa kampuni yoyote. Aliiandika mwenye mgahawa mwenyewe, Gene Mosher. Apple II ilikuwa na miaka miwili tu tangu iingie sokoni, na wengi waliiona kuwa chombo cha michezo na cha wapenzi wa elektroniki. Mosher aliitumia kupokea oda na kujua, siku ikiwa bado inaendelea, chakula na wafanyakazi vimemgharimu kiasi gani.

Miaka saba baadaye, katika maonyesho ya COMDEX yaliyofanyika Las Vegas Novemba 1986, umati ulikusanyika katika kibanda cha kampuni ya Atari kutazama kazi yake nyingine. Programu hiyo, ViewTouch, iliendeshwa katika kompyuta ya Atari 520ST, na mhudumu hakuhitaji kuandika neno. Aligusa picha za rangi kwenye skrini. Ilikuwa programu ya kwanza ya mauzo ya aina hiyo kuingia sokoni, na ilifungwa katika migahawa kadhaa ya Marekani na Canada. Mhudumu wa hoteli ya Mombasa au Dar es Salaam anayegusa leo kitufe cha pilau kwenye skrini anafuata mtindo ule ule.

Si kisa cha kwanza cha aina hiyo. Rejista ya fedha yenyewe, ile mashine ya droo na kengele, ilibuniwa na mwenye baa. James Ritty wa mji wa Dayton, jimbo la Ohio, alichoshwa na wafanyakazi waliokuwa wakitia mapato mifukoni mwao. Akisafiri kwa meli kwenda Ulaya mwaka 1878, aliona chombo kilichokuwa kikihesabu mizunguko ya pangaboi, akajiuliza kwa nini mauzo nayo yasihesabiwe vivyo hivyo. Mwaka 1879 yeye na ndugu yake John, aliyekuwa fundi, walipata hataza ya mashine waliyoiita Keshia Asiyehongeka. Ubunifu na biashara, hata hivyo, ni mambo mawili. Ritty aliuza haki zake mapema, na ni John Patterson aliyeichukua kampuni hiyo mwaka 1884 na kuipa jina la National Cash Register ambaye jina lake lilivuma katika biashara ya mashine hizo.

Kati ya Ritty aliyeuza na Mosher aliyebaki na programu yake ndipo lilipo swali linalomkabili kila mtu anayeandika programu za migahawa kwa mikono yake, usiku baada ya kazi za mchana, na kuziuza bila kampuni nyuma yake. Kuandika programu ni sehemu moja tu ya kazi hiyo, na pengine si ile ngumu zaidi.

Asiyeijua kazi ya mgahawa hudhani kwamba programu yake ni kikokotoo chenye orodha ya vyakula. Lakini tazama meza moja tu. Wageni wawili wameagiza mishikaki, ndizi za kukaanga, soda na bia. Oda hiyo moja sharti igawanyike: mishikaki iende kwa mchoma nyama, ndizi jikoni, vinywaji kaunta. Mmoja hataki pilipili. Baada ya dakika kumi anafika mgeni wa tatu. Wote wanahamia meza ya nje, chini ya mwembe, na mhudumu mwingine ndiye anayeshika meza za nje. Mwishowe kila mmoja anataka bili yake, isipokuwa bia, ambayo mgeni wa tatu amesema atailipia yeye. Programu isiyoweza kufanya hayo kwa miguso michache huachwa kaunta ikipigwa vumbi, na wahudumu hurudia daftari.

Hata hesabu inayoonekana nyepesi ina mitego. Bili ya Sh 10,000 ikigawanywa kwa watu watatu inatoa Sh 3,333 kila mmoja, na shilingi moja inabaki bila mwenyewe. Programu lazima iamue ni nani ataibeba, la sivyo hesabu za jioni hazitalingana kamwe. Kwa sababu hiyo waandishi wenye uzoefu huhifadhi fedha kwa namba kamili badala ya desimali, kwa kuwa kompyuta haiwezi kuandika baadhi ya desimali bila kupoteza chembe.

Kosa la kodi ni baya zaidi. Sahani yenye bei ya Sh 11,800, ambayo ndani yake mna VAT ya asilimia 18, ina kodi ya Sh 1,800. Mwanagenzi anayechukua asilimia 18 ya bei yote hupata Sh 2,124, na mwenye mgahawa hulipa Sh 324 zaidi kwa kila sahani pasipo kujua.

Kisha kuna saa. Kompyuta hugeuza tarehe ifikapo saa sita usiku, ilhali baa iliyojaa watu haifungi hesabu saa sita. Bia iliyouzwa saa saba na nusu usiku wa kuamkia Jumapili ni mauzo ya Jumamosi, ya keshia yule yule na droo ile ile. Programu isiyojua hivyo humwonyesha tajiri wake Jumamosi iliyopungukiwa na Jumapili iliyozidi, na keshia asiye na hatia ndiye anayeitwa kujieleza.

Jambo jingine ambalo halimo katika vitabu vya kompyuta ni karatasi. Printa nyingi za risiti hutumia joto badala ya wino, na karatasi yake hugeuka nyeusi inapokaa karibu na jiko. Ndiyo maana jikoni hufungwa printa ya utepe wa wino, yenye kelele, ambayo mpishi huisikia hata mafuta yanapotutuma. Aliyewahi kushinda jikoni analijua hilo; asiyewahi hulijua siku oda zitakapoanza kupotea.

Hapa ndipo mtengenezaji wa pekee anapokuwa na nguvu ambayo kampuni kubwa inaweza kuikosa. Yuko karibu. Anaweza kukaa kaunta siku tatu, akaona jinsi mapato yanavyovuja, kisha akarudi nyumbani na kuziba ufa.

Mbinu za kuvujisha ni nyingi, na zinafanana duniani kote. Mteja hulipa taslimu na kuondoka. Mhudumu hurudi kwenye skrini, hufuta soda mbili katika bili, na bei yake huingia mfukoni. Au meza mbili zimeagiza chai na chapati zilizo sawa. Mhudumu huingiza oda ya meza moja tu, na bili ile ile huonyeshwa kote kote. Dawa ya hila ya kwanza ni kwamba oda ikishatumwa jikoni haifutiki ila kwa namba ya siri ya msimamizi, na kila kilichofutwa hubaki kimeandikwa pamoja na jina, saa na sababu. Dawa ya hila ya pili ni kwamba jikoni hakitoki kitu kisicho na karatasi. Si sheria za kompyuta hizo. Ni sheria za mgahawa zilizoandikwa kwa lugha ya kompyuta, na zina maana tu pale msimamizi asipomgawia kila mtu namba yake ya siri.

Lakini ukaribu huo una hatari yake. Mtengenezaji wa pekee, ambaye mteja wake ni rafiki au jamaa, ndiye anayeweza kuombwa kwa sauti ya chini atie kitufe kimoja zaidi: cha kupunguza mauzo kabla ya ripoti kwenda kwa watu wa kodi. Programu za namna hiyo zimepatikana katika nchi kadhaa, na sheria zimezifuata. Jimbo la Quebec nchini Canada lililazimisha migahawa, kufikia Novemba 2011, kufunga kifaa maalumu cha kurekodi mauzo. Ufaransa, kuanzia Januari 1, 2018, ilitaka programu za mauzo zitunze kumbukumbu zisizoweza kubadilishwa, na biashara isiyotimiza sharti hilo ilikabiliwa na faini ya euro 7,500. Nchini Canada hata kutengeneza au kuuza chombo cha kufuta mauzo ni kosa. Kijana aliyedhani anamfanyia mteja fadhila anaweza kujikuta amesimama pamoja naye mbele ya hakimu.

Afrika Mashariki nayo imefunga mlango huo kwa hatua. Kenya ilianza kutumia mashine za ETR mwaka 2005, na mwaka 2023 ikaleta mfumo wa eTIMS, ambao programu ya biashara inaweza kuunganishwa nao ili ankara ziifikie Mamlaka ya Mapato. Tanzania ilianzisha mashine za EFD mwaka 2010. Maana yake ni kwamba karatasi iliyotoka kwenye programu ya mgahawa, hata ikiwa na nembo nzuri, si risiti ya kodi mpaka ipitie katika mfumo unaotambuliwa. Kwa mtengenezaji wa pekee hili ni gharama mpya: lazima aunganishe programu yake na mitambo ya serikali, na masharti yake yakibadilika, naye abadilishe kila mgahawa aliouuzia.

Na hapo ndipo biashara yenyewe huvunjika au kusimama. Mfano rahisi unatosha. Mtu akiuza programu yake kwa migahawa kumi, kila mmoja Sh 800,000 mara moja tu, amepata Sh milioni 8. Zinaonekana nyingi. Ila kwa miaka mitatu ijayo migahawa hiyo kumi itampigia simu: printa imegoma, bei zimepanda, umeme ulikatika na hifadhidata haifunguki, keshia amesahau namba ya siri. Simu hizo hazina malipo, na haziji Jumatatu asubuhi. Huja Jumamosi saa mbili usiku, meza zikiwa zimejaa. Angetoza Sh 30,000 kwa mwezi, migahawa hiyo hiyo kumi ingempa Sh milioni 10.8 katika miaka mitatu, na angekuwa na sababu ya kupokea simu. Kwa upande wake, mwenye mgahawa hapendi deni lisilokwisha. Huona amenunua kitu kama anavyonunua friji, na friji hailipiwi kila mwezi.

Pande zote mbili zina haki katika ubishi huo, lakini hesabu iko upande wa malipo ya mwezi. Mtengenezaji asiyelipwa kwa matunzo hutafuta ajira, na akishaipata, simu za Jumamosi hubaki zikilia.

Watengenezaji wenye busara hupunguza simu hizo kabla hazijaja. Huiweka hifadhidata katika kompyuta iliyo ndani ya mgahawa, ili mtandao ukikatika oda ziendelee. Huilinda kwa betri inayoipa muda wa kujizima kwa utaratibu umeme unapokatika. Hupanga nakala ya akiba ijitengeneze kila usiku bila kumtegemea mtu. Aidha, hukataa, na hili ndilo gumu kwa mtu anayependa kazi yake, kumtengenezea kila mteja toleo lake la pekee. Matoleo kumi tofauti kwa migahawa kumi ni programu kumi za kutunza, na mtunzaji ni mmoja.

Linabaki swali ambalo wanunuzi husahau kuliuliza siku ya makubaliano, wakati kila mtu anacheka: je, mtu huyu akiugua, akihama au akifa? Programu iliyoandikwa na mtu mmoja inaweza kuwa na kichwa kimoja tu kinachoielewa. Njia moja ni mkataba unaosema kwamba nakala ya msimbo na maelezo yake itawekwa kwa wakili, na mgahawa utapewa ikiwa mtengenezaji hapatikani kwa muda uliotajwa. Njia nyingine ni ile iliyochukuliwa na Mosher mwenyewe. ViewTouch ilihamia katika mfumo wa Linux, na msimbo wake ukawekwa wazi kwa leseni ya GPL, hivyo yeyote anayeweza kuusoma anaruhusiwa kuutumia na kuurekebisha.

Mwenye mgahawa asiye na mojawapo ya njia hizo bado anaweza kudai jambo dogo, ambalo mtengenezaji mwaminifu hatalikataa: kitufe cha kutoa orodha ya vyakula, bei, akiba ya stoo na madeni ya wateja katika faili la kawaida linalofunguka kwenye kompyuta yoyote. Afadhali akijaribu mwenyewe, kabla ya kulipa shilingi ya mwisho, mtengenezaji akiwa bado amesimama kaunta.