Mchumba wa mtandaoni akikwambia ametuma zawadi, subiri simu ya pili

Wengi tumeshaambiwa: usimtumie hela mtu uliyekutana naye mtandaoni. Ushauri ni mzuri, ila una tundu moja kubwa, na matapeli wanalijua kuliko sisi. Mchumba mwenyewe haombi hata senti. Anayeomba ni mtu mwingine kabisa, mwenye sauti ya kiofisi na Kiswahili cha hapa hapa, anayejitambulisha kuwa afisa wa forodha.

Ndiyo maana unakuta mtu msomi, mwenye biashara yake, amepigwa mamilioni halafu anakwambia kwa uchungu: "Lakini yeye hakuwahi kuniomba hela." Na ni kweli, hakuomba.

Mchezo huwa unaenda hivi.

Tuseme wewe ni dada wa miaka 38, una saluni Mbagala na watoto wawili, na baba yao mliachana zamani. Umejiunga na programu ya kutafuta wachumba, au hata hujajiunga popote, ni Facebook tu imekuletea ombi la urafiki. Mzungu, mvi zimeanza kuingia, amepiga picha na mbwa. Anasema ni injinia kwenye mtambo wa mafuta baharini, au daktari wa jeshi aliyeko kwenye kikosi cha kulinda amani. Mke wake alifariki kwa saratani, amebaki na binti mmoja. Anamcha Mungu.

Kazi hizo hazikuchaguliwa hivi hivi. Mtu wa mtambo wa mafuta ana hela, yuko mbali, mtandao wake ni mbovu kwa simu ya video, na hawezi kuja kesho. Kila swali ambalo ungemuuliza, kazi yake imeshalijibu.

Siku ya pili au ya tatu atataka mhamie WhatsApp. Atakwambia kule ni faragha zaidi. Sababu yenyewe ni kwamba akaunti za programu hizo zikilalamikiwa hufungwa, na yeye hataki akaunti ifungwe kabla hajachukua namba yako.

Halafu zinafuata wiki za utamu. "Malkia wangu umeamkaje, umekula?" Anauliza kama mtoto amepona malaria. Anakumbuka mpaka yule mteja aliyesuka akaondoka bila kulipa. Tuseme ukweli tu, wapo watu wengi walioolewa ambao hakuna anayewauliza hayo ndani ya nyumba zao. Mimi sioni ajabu mtu akizama hapo. Wanaowacheka waliopigwa wanawafanyia matapeli kazi bure, maana aibu ndiyo inayomfanya mtu anyamaze mpaka alipe mara ya tatu na ya nne.

Zawadi inaingia

Baada ya mwezi au miwili anakuomba anwani. Anataka kukushukuru. Zinakuja picha: simu mpya, laptopu, cheni ya dhahabu, viatu vya watoto kwa saizi ulizomtajia mwenyewe, pete. Mara nyingi anaongeza siri, kwamba ndani ya boksi ameficha bahasha yenye maelfu ya paundi ili ukapange mambo ya nyumba. Anakutumia risiti na kiungo cha tovuti ya kufuatilia mzigo. Ukifungua unaona kweli mzigo umetoka London, umepita Dubai, umefika Dar es Salaam. Tovuti hiyo ni ya kwao, wanaandika wanachotaka.

Sasa ndipo simu ya pili inapopigwa. Namba ni ya hapa nchini. "Naongea na fulani? Una mzigo wako hapa uwanja wa ndege, unadaiwa ushuru laki nane na nusu. Usipolipa leo unaanza kuhesabiwa gharama za kuhifadhi." Nyuma yake unasikia watu wanaongea, kama ofisini.

Ukimwambia mchumba, anakasirika kwa niaba yako. Anasema alishalipa kila kitu, hao watu vipi, angekutumia hela yeye mwenyewe ila yuko baharini na benki yake haifikiki. Angalia hapo: anakuwa upande wako. Wewe na yeye mnapambana na forodha.

Ukilipa, simu inarudi. Mzigo umepitishwa kwenye mashine, zimeonekana fedha taslimu. Hilo ni kosa la utakatishaji fedha, dada, unatakiwa cheti, milioni mbili na nusu, la sivyo polisi wanakuja kwako. Malipo ya kwanza ulitoa kwa matumaini, haya unatoa kwa hofu. Na mtu aliyeogopa hapigi hesabu.

Usidhani ni ushamba wetu huku. Januari 2025 televisheni ya TF1 ya Ufaransa ilionyesha kisa cha mwanamke aliyeamini anachati na mwigizaji Brad Pitt. Kwa jumla alipoteza euro 830,000. Moja ya malipo yake ya mwanzo ilikuwa euro 9,000, na unajua zilikuwa za nini? Ushuru wa forodha wa zawadi ambazo "Brad Pitt" alidai amemtumia. Baadaye zikaja picha za mgonjwa kitandani hospitali, zilizotengenezwa kwa akili mnemba. Marekani nako, mwaka 2022 peke yake, watu karibu 70,000 waliripoti serikalini kutapeliwa kimapenzi, na hasara waliyoitaja ilifika dola bilioni 1.3.

Mzigo wa kweli unakuwaje

Hapa ndipo pa kuwashika. Moyo wa mchumba huwezi kuupima kwa simu, lakini mzigo una taratibu zake.

Ushuru wa forodha Tanzania unakusanywa na TRA, na malipo yake yanafanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile wengi tunaiita kontroli namba. Ukiiingiza kwenye simu, kinachotokea ni jina la taasisi. Kenya ni KRA, nako malipo yana namba yake rasmi. Hakuna afisa wa forodha anayepokea ushuru kwa namba yake ya M-Pesa. Kwa hiyo kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina linalotokea. Likiwa ni jina la mtu, awe Hamisi au Neema, simamisha kila kitu.

Kama mzigo umepita posta, namba yake ya kufuatilia ina herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi ulikotoka. Uingereza ni GB. Namba hiyo unaiingiza kwenye tovuti ya posta unayoitafuta mwenyewe. Kile kiungo alichokutumia achana nacho. Kama umepita kampuni ya kusafirisha vifurushi, tafuta namba ya ofisi yao ya hapa nchini na upige wewe, au nenda kaulize. Ile bahasha ya paundi ndani ya boksi nayo ni ishara tosha: kampuni kama FedEx haziruhusu fedha taslimu kwenye vifurushi.

Mwambie huyo afisa, "Sawa, nakuja ofisini kwenu na kitambulisho, nitalipia hapo hapo." Sikiliza visingizio vitakavyofuata.

Na picha zake je? Hifadhi moja kwenye simu, fungua programu ya Google, bonyeza alama ya kamera, chagua ile picha. Mara nyingi utamkuta mtu huyo huyo kwa jina jingine, pengine ni mwanajeshi au daktari wa kweli asiyejua kabisa kwamba sura yake inachumbia watu Mbagala. Lakini usipomkuta, hiyo haimaanishi kuwa ni mkweli. Siku hizi sura nyingine zinatengenezwa na kompyuta, mtu mwenyewe hajawahi kuzaliwa.

Simu ya video nayo imepungua nguvu, kwa sababu sura inaweza kuvalishwa mtu mwingine wakati mnaongea. Mwombe ageuze kichwa pembeni kabisa, apitishe kiganja mbele ya uso. Sura ya bandia huwa inacheza hapo. Akikataa, akisema humwamini, akanuna siku mbili, hilo nalo ni jibu.

Ile namba uliyotumia hela ni ya nani?

Hili watu hawalizungumzi sana, na kwangu ndilo linalotisha kuliko yote. Laini zinasajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho. Sasa huyo Neema aliyetokea jina lake ulipolipa "ushuru", mara nyingine ni dada kama wewe. Naye ana mchumba wake mtandaoni, amemwambia: "Mpenzi, kuna mteja wangu Tanzania ananidai nikamwambia, hapana, mimi ndiye ninayemdai, nipokelee hela kwenye namba yako, chukua kidogo ya usumbufu, nyingine nitumie." Amepokea kwa moyo mweupe. Siku polisi wakifuatilia, anayepatikana ni yeye, mwenye laini.

Kwa hiyo mchumba asiyeomba hela bali anayeomba umpokelee hela ni hatari vile vile, pengine zaidi. Usimpe laini, kadi ya benki wala kitambulisho. Tanzania piga *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, wahi kwa mtoa huduma ikafungwe.

Na huyo anayechati nawe usiku kucha naye anaweza asiwe tajiri wala mzungu. Mwanzoni mwa 2025 maelfu ya watu walitolewa kwenye kambi za utapeli za Myawaddy, Myanmar, karibu na mpaka wa Thailand. Humo walikuwemo Wakenya, Waganda na Waethiopia, vijana walioahidiwa kazi nzuri Thailand, wakajikuta wamefungiwa na kulazimishwa kutongoza watu mtandaoni. Kule mtindo wao mkubwa ni "tuwekeze pamoja" kwenye sarafu za kidijitali: unaona faida inapanda kwenye simu, unaruhusiwa kutoa kidogo mara moja ili uamini, ukiweka nyingi akaunti inafungwa.

Akina kaka, msijione mmepona. Kwenu mara nyingi ni mambo ya haraka. Wa kula nauli mnamjua, huyo hasara yake ni elfu thelathini na kuzima simu. Mbaya ni yule binti anayepiga video usiku, anavua, anakuomba nawe uvue, kumbe anarekodi. Dakika kumi baadaye unapewa orodha ya marafiki zako wa Facebook, mkeo na mchungaji wako wakiwemo, na kiasi cha kulipa. Usilipe. Aliyelipa mara moja ndiye anayerudiwa, maana ameshaonyesha kuwa analipika. Hifadhi ushahidi, mfungie, funga kwa muda akaunti zako zisionekane, kisha katoe taarifa.

Kama umeshatuma

Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako dakika hiyo hiyo, uwaambie umetapeliwa na uwape namba ya muamala. Hela ikiwa bado iko kwenye akaunti ya pili kuna nafasi ya kuizuia. Ikishatolewa kwa wakala, nafasi hiyo inakuwa ndogo sana. Dakika ishirini za kukaa ukilia zinaweza kuwa ndizo hizo.

Usimwambie tapeli kuwa umemgundua. Kwanza hifadhi mazungumzo yote: namba zake zote, picha, ile risiti, kiungo cha tovuti, jumbe za miamala. Wengi kwa hasira hufuta kila kitu halafu wanaenda polisi mikono mitupu. Tanzania ujumbe wa kitapeli unautuma kwenda 15040 pamoja na namba iliyoutuma. Kenya wateja wa Safaricom wanautuma 333.

Kisha nenda kituoni ukafungue jalada, uondoke na RB yako mkononi (Kenya ni OB). Ukikutana na askari atakayekuuliza kwa kejeli "wewe mzungu ulimtaka wa nini," jibu kwa upole kwamba umekuja kuripoti kosa lililomo kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na unaomba liandikwe.

Na ukae tayari, kwa sababu wiki chache baadaye utapigiwa tena. Safari hii ni "mwanasheria" au "kijana wa IT" anayeweza kurudisha hela zako zote, ila kuna ada ndogo ya kuanzia. Anajua kiasi ulichopoteza, mpaka tarehe. Jiulize amekijuaje.